Ufunguo wa Kifuani: Uhakiki wa Safari ya Msafiri ya John Bunyan

Hofu ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia nyumbani mwa tajiri na mwa maskini. Huketi na mzee penye moto na kijana penye vitabu vyake. Wewe msomaji, uliye katika umri wa kusoma na kutahiniwa, unaijua vema. Karo ya muhula ujao, matokeo ya mtihani, ugonjwa wa mzazi, mvua iliyokawia, kazi ambayo hujui kama utaipata: haya yote huja kitandani usiku taa zikisha kuzimwa. Mtu aliye katika hali hiyo hutafuta faraja, na vitabu vya faraja havihesabiki. Lakini si kila faraja ni ya kweli. Ipo faraja iliyo kama maji ya sukari kwa mwenye homa: ni tamu ulimini, na homa hubaki pale pale.

Wapo pia wafariji wasemao kwamba mwenye imani haogopi. Neno hili husemwa kwa nia njema, lakini humwongezea mzigo yule aliyekwisha kulemewa. Kijana anayetetemeka huambiwa kuwa kutetemeka kwake ni dalili ya kukosa imani. Basi sasa ana hofu mbili, ya kwanza ni ya jambo lenyewe, na ya pili ni ya kuwa huenda Mungu amemkataa. Katika insha hii nataka kukupimia kitabu kimoja cha Kikristo kisichosema hivyo. Kwa Kiingereza chaitwa The Pilgrim's Progress, nasi tutakiita Safari ya Msafiri. Mwandishi wake ni John Bunyan, Mwingereza. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Kimefasiriwa kwa lugha zipatazo 200, na karibu 80 katika hizo ni lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Majina ya watu na mahali nimeyafasiri mwenyewe, kwa hiyo usishangae ukiyakuta tofauti kidogo utakapokisoma.

Ili kukipima kitabu yatupasa kwanza tujue kilitoka mkononi mwa nani. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyungu vya madini, naye mwana akairithi kazi hiyo. Elimu aliyoipata shuleni ilikuwa ndogo. Zama alizozaliwa zilikuwa zama za msukosuko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uingereza mwaka 1642, na Bunyan akiwa kijana alitumika katika jeshi la Bunge. Mwaka 1649 mfalme alikatwa kichwa. Mwaka 1660 ufalme ukarudishwa. Mwaka 1665 tauni iliua watu wengi mno mjini London, na mwaka uliofuata moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji huo huo. Mtu wa wakati ule hakuwa na hakika ya serikali yake, wala ya kanisa lake, wala ya kuamka kesho.

Novemba mwaka 1660 Bunyan alikamatwa kwa kosa la kuhubiri nje ya kanisa la serikali. Akakaa katika gereza la Bedford miaka 12. Ajabu ya kifungo hiki ni kwamba mfungwa mwenyewe aliweza kukikomesha: kama angaliahidi kuacha kuhubiri, angaliachiliwa. Hakukubali. Nje alimwacha mkewe Elizabeth, aliyekwenda mbele ya majaji kumtetea asisikizwe. Aliwaacha pia watoto wanne aliozaa na mke wake wa kwanza, marehemu, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Kwa kuwa hakuweza tena kuzunguka vijijini na vifaa vyake vya ufundi, alitengeneza kamba za kufungia viatu humo gerezani ili zikauzwe na jamaa yake wapate kula. Wataalamu wengi huamini kwamba Safari ya Msafiri ilianza kuandikwa ndani ya kuta hizo. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Nakuomba ukumbuke na jambo la pili. Bunyan hakuwa shujaa wa kuzaliwa. Mwaka 1666 alichapisha kitabu kiitwacho Grace Abounding, ambamo alisimulia safari ya roho yake mwenyewe, na humo twaona mtu aliyetafunwa na wasiwasi kwa miaka. Alipenda sana kupiga kengele za kanisa, kisha akaona kuwa mchezo huo haumfai, akauacha. Lakini akawa anakwenda kuwatazama wenziwe wakipiga. Siku moja akawaza: je, kengele ikianguka? Akasimama chini ya boriti kuu. Akawaza tena: je, ikigonga ukuta na kunirudia? Akasimama mlangoni mwa mnara. Ndipo akawaza: je, mnara wote ukianguka? Akakimbia. Hapo, msomaji, pana picha kamili ya hofu. Mnara haukuanguka wala kengele haikukatika. Ila kila alipojipatia mahali pa usalama, fikira ilitangulia mbele yake ikapabomoa. Katika kitabu hicho hicho asema pia kwamba siku moja mjini Bedford aliwakuta wanawake maskini wachache wameketi mlangoni juani, wakizungumza mambo ya Mungu kwa furaha kana kwamba wamegundua nchi mpya. Maneno yao hayakumtoka moyoni. Hawakuwa wasomi, wala hawakuwa na mali ya kuwafurahisha. Walikuwa na amani, naye hakuwa nayo. Vitabu vyake vyote ni jitihada ya kueleza njia itokayo chini ya mnara ule na kufika penye kizingiti cha wanawake wale.

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Mtu aitwaye Mkristo anakaa katika Mji wa Maangamizi, na mgongoni ana mzigo mzito asioweza kuutua. Anaambiwa akimbie aende Mji wa Mbinguni. Anatoka, na mara anatumbukia katika Tope la Huzuni, akatolewa na mtu aitwaye Msaada. Anapita mlango mwembamba, anafika penye msalaba, na hapo mzigo unamwanguka na kubingirika hata kaburini. Mwandishi dhaifu angaliishia hapo. Shida imekwisha, mzigo umeondoka, kitabu kifungwe. Lakini kwa Bunyan msalaba umo karibu na mwanzo wa njia, si mwisho wake. Mbele yake kuna kilima kigumu, simba, bonde la uvuli wa mauti, na Soko la Ubatili ambamo mwenzake Mwaminifu anahukumiwa na kuchomwa moto.

Msomaji wa Kiswahili hataliona Soko hilo kuwa geni. Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliusemesha moyo wake juu ya udanganyifu wa dunia, akauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari na sasa ni makao ya popo. Imani za watunzi hawa wawili ni mbali mbali, lakini wote walijua kuwa moyo hauonywi kwa hoja tupu; sharti uonyeshwe picha. Mshairi wa Pwani aliuonyesha magofu, yaani dunia ilipokwisha kupita. Bunyan aonyesha soko lililojaa watu, yaani dunia ingali ikinadi mali yake. Katika soko hilo wauza nyumba, vyeo, falme na anasa, na kosa la wasafiri ni kuwa hawanunui.

Kiini cha kitabu, kwa maoni yangu, ni kisa cha Ngome ya Shaka. Mkristo sasa anasafiri na Tumaini, kijana aliyeongoka sokoni kwa kuona mwenendo wa wasafiri. Njia imekuwa ya mawe, miguu yawauma. Kando ya njia waona konde laini lenye kijia, wakavuka ua kukifuata. Usiku ukaingia, mvua ya radi ikanyesha, maji yakajaa, wakajibanza mahali wakalala kwa uchovu. Asubuhi wakakamatwa na jitu liitwalo Kata-Tamaa, mwenye ngome na shamba lile. Likawatia katika chumba cha giza, wakakaa humo toka Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku bila chakula, bila maji, bila mwanga. Jitu likawapiga kwa rungu kwa shauri la mkewe. Kisha likawaambia kuwa hawatatoka kamwe, na kwamba heri wajiue. Mkristo akayumba, kwani kaburi lilianza kumpendeza kuliko maisha yale. Tumaini akamkataza. Akamkumbusha taabu alizokwisha kuzishinda, akamwambia kwamba mambo yote hayamo mkononi mwa jitu, na kwamba ni nani ajuaye, huenda siku moja likasahau kufunga mlango. Jumamosi usiku wa manane wakaanza kuomba, wakaomba hata karibu na mapambazuko. Ndipo Mkristo akashtuka, akajiita mjinga: muda huo wote alikuwa na ufunguo kifuani mwake, na jina la ufunguo ni Ahadi. Wakafungua mlango wa chumba, wakafungua mlango wa ua, wakafikia lango la chuma. Kufuli yake ilikuwa ngumu mno, lakini ikafunguka.

Tukitazame kisa hiki kwa makini. La kwanza, ufunguo haukushuka kutoka mbinguni dakika ile ya mwisho. Ulikuwa kifuani tangu Jumatano. Hapa Bunyan amesema jambo la kweli sana juu ya kukata tamaa: nguvu yake kubwa ni kusahaulisha. Mtu aliyekata tamaa hakosi njia ya kutoka. Amekosa kumbukumbu ya njia. Imani, basi, kwa Bunyan si kujitia moyo kwa maneno makubwa. Ni kulikumbuka gizani neno ulilopewa mchana.

La pili, Mkristo hakukumbuka peke yake. Alikuwa na mwenziwe, na waliomba pamoja. Tena tazama jinsi Tumaini alivyomfariji. Hakumwambia kuwa ngome ni njozi, wala kuwa kipigo hakiumi. Alikiri kwamba hali yao ni mbaya sana, ndipo akaleta sababu za kungoja. Hivyo ndivyo rafiki wa kweli anenavyo. Na wewe ukiwa katika chumba kama kile, na wazo la kuyakatisha maisha likakujia, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mzazi, mwalimu, mchungaji, au mwenzako unayemwamini. Jitu lile hupenda wafungwa wasiosemezana.

La tatu ni ile kufuli ya lango la chuma. Mwandishi wa faraja ya sukari angaliifungua kwa kugusa tu. Bunyan alikuwa fundi wa madini, alijua kufuli iliyoshika kutu. Ahadi yafungua, lakini mkono sharti usukume. Tena walipokwisha kutoka hawakukimbia tu. Walisimamisha nguzo penye ua waliouvuka, wakaandika onyo kwa wasafiri wa baadaye. Aliyeponyoka anadaiwa na anayekuja nyuma.

Sasa rudi gerezani Bedford. Mwandishi aliyesimulia ufunguo huu hakuwa na ufunguo wa gereza lake. Ahadi aliyoiamini haikumfungulia mlango kwa miaka 12, na mlango ulipofunguliwa mwaka 1672 ulifunguliwa kwa tangazo la mfalme, naye akafungwa tena kwa miezi michache baadaye. Je, alikuwa akijidanganya? Sidhani. Alijua kuna magereza mawili, moja la mawe na jingine la moyo, na kwamba mtu aweza kuwa ndani ya lile la kwanza hali ametoka katika lile la pili. Wengi waliokuwa huru mitaani London walikuwa wafungwa wa Kata-Tamaa, na fundi masufuria aliyekuwa nyuma ya komeo alikuwa akisafiri. Hii ndiyo sababu amani yake yaaminika: haikutegemea kufunguliwa.

Sehemu ya pili ya kitabu husomwa na wachache, na hiyo ni hasara. Humo mke wa Mkristo na wanawe wanne nao wasafiri, wakiongozwa na Moyo-Mkuu. Kiongozi huyu asimulia habari za msafiri aliyempeleka zamani, Bwana Mwenye-Hofu. Mtu huyu alilala kando ya Tope la Huzuni zaidi ya mwezi, akaogopa kuvuka. Kila mlango alioufikia alisimama nje katika baridi, akawapisha wengine, akijiona hastahili kubisha. Lakini hakuogopa Kilima cha Taabu, wala simba, na katika Soko la Ubatili alikuwa tayari kupigana na soko zima. Katika Bonde la Unyenyekevu alifurahi hata akalala chini akaikumbatia ardhi na kuyabusu maua. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba mwishoni hatapokewa. Alipofika penye mto wa mauti, ambao hakuna msafiri asiyeuvuka, maji yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka karibu bila kulowa.

Msomaji, linganisha mwisho huu na wa Mkristo mwenyewe. Mkristo, shujaa wa kitabu, alizama katika mto ule ule, giza likamfunika, na Tumaini ndiye aliyekishika kichwa chake juu ya maji. Shujaa akaogopa, mwoga akavuka salama. Bunyan hakuwapanga hivyo kwa bahati. Alitaka kuwaambia wale wasemao kuwa mwenye imani haogopi kwamba hawaijui njia. Hofu si kinyume cha imani. Kinyume cha imani ni kurudi nyuma. Bwana Mwenye-Hofu alilia njia nzima, lakini uso wake haukugeuka. Wala Bunyan hamcheki. Aliyekimbia mnara wa kengele alimjua mtu huyu kuliko mtu ye yote.

Mhakiki asiyetaja dosari ni mpambe tu, kwa hiyo nitazitaja. Kwanza, wahusika wengi ni majina yanayotembea. Ukisikia mtu aitwa Porojo, umekwisha kujua atakavyosema na atakavyokwisha, na mazungumzo ya dini huwa marefu hata hadithi ikasimama. Pili, Bunyan hakuweza kujitenga na ugomvi wa madhehebu wa karne yake. Amemfanya Papa wa Roma kuwa jitu kongwe liketilo mlangoni mwa pango likiuma kucha, na leo Mkristo wa madhehebu yo yote mwenye adabu atapita ukurasa huo kwa haya. Tatu, mwisho wa sehemu ya kwanza ni mkali. Kijana aitwaye Ujinga afika hata lango la mbinguni, kisha afungwa mikono na miguu na kutupwa. Yeye aliyemhurumia mno mwenye hofu hakumwonea huruma mwenye kujiamini.

Nne, na hii ndiyo dosari inayowachoma wasomaji wa Afrika zaidi, Mkristo aanza safari kwa kuziba masikio na kuwaacha mke na watoto wakimwita nyuma. Sisi twafundishwa kwamba mtu ni watu. Wokovu gani huu wa kukimbia nyumba yako? Yawezekana kumtetea Bunyan kwa kusema kuwa ni mfano tu, na kwamba mwenyewe alionja uchungu wa kutenganishwa na mtoto wake kipofu. Utetezi huo wafaa, lakini hautoshi. Utetezi ulio bora aliuandika mwenyewe miaka sita baadaye. Katika sehemu ya pili hakuna asafiriye peke yake. Mama huenda na watoto, vijana huoa njiani, mwenye magongo hungojewa, wanyonge hupewa kiongozi. Na Moyo-Mkuu pamoja na wenziwe huliua jitu Kata-Tamaa na kuibomoa ngome yake. Watu wawili waliweza kutoroka ngome, bali ilihitaji jamii ya watu kuivunja. Huko ndiko kukomaa kwa mwandishi, na ndiyo maana nasema asiyeisoma sehemu ya pili hajakisoma kitabu.

Hukumu yangu basi ni hii. Safari ya Msafiri ina kurasa zilizochakaa na maneno yaliyopitwa na wakati. Lakini katika jambo moja ambalo kila kizazi hulihitaji, yaani kumfundisha mtu kutumaini bila kumdanganya, ni vigumu kupata kitabu kinachokishinda. Hakimwahidi msomaji barabara nyofu. Humwambia kwamba Tope lina mahali pa kukanyaga, kwamba giza lina asubuhi, kwamba mwenzako ni sehemu ya wokovu wako, na kwamba neno la Mungu ulilolihifadhi laweza kuzunguka ndani ya kufuli yenye kutu. Wewe usiye Mkristo waweza kukisoma kama habari ya moyo wa binadamu, na utajiona humo. Wewe uliye Mkristo una sababu moja zaidi.

Kitafute katika maktaba ya shule yako. Kisome polepole, ukizisoma sehemu zote mbili. Utakapofika katika chumba cha giza cha Ngome ya Shaka, usikimbilie ukurasa wa mbele kutazama jinsi wanavyotoka. Kaa nao kidogo, uhesabu siku toka Jumatano hata Jumamosi, kisha utie mkono kifuani mwako uone una nini.